Siku Mama Mdogo Alipofanywa Mrundi

Walianza na rangi. Ilikuwa mwaka 2013, masika yamekolea, mafundi wakaingia wodi ya wanawake ya hospitali niliyokuwa nafanyia kazi ya uuguzi mjini Kasulu na kuanza kupaka kuta rangi nyeupe huku wagonjwa wamelala humohumo. Mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji jana yake alijifunika khanga usoni, yeye na kichanga chake, akawa anakohoa na kushika mshono kwa mkono. Nilimwambia fundi asubiri kwanza tuwahamishe. Alinijibu bila kugeuka, "Sista, mimi nimeambiwa wageni wanafika kesho."

Hospitali ile ilikuwa ya mtu binafsi. Mwenyewe alikuwa daktari, mtu wa mkoa mwingine aliyefanya kazi Dar es Salaam kwa muda mrefu kabla ya kuja kuwekeza kwetu. Alikuwa na maneno laini, na shati lake halikuwa na kunyanzi hata jua linapowaka. Aliona jambo ambalo sote tulikuwa tunaliona: Warundi wenye uwezo walikuwa wanavuka mpaka pale Manyovu, wanapita Kasulu, wanaendelea na safari kwenda kutafuta tiba mbali. Siku moja alituuliza kikaoni, "Kwa nini wapite mlangoni kwetu? Lazima tuitangaze nchi yetu. Majirani wajue kwamba tiba iko Tanzania." Nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa nimeshazalisha wanawake wa Kirundi waliobebwa kwenye baiskeli hadi mpakani, na mmoja alimpa binti yake jina langu.

Basi yeye na wenye hospitali wenzake wa miji mingine wakaungana, wakaajiri kampuni ya matangazo kutoka Dar es Salaam. Filamu ilikuwa ioneshwe kwenye mikutano Bujumbura na Bukavu, na hapa nyumbani ipite kwenye runinga. Sisi tulichaguliwa kuwakilisha upande wa magharibi.

Wiki hiyohiyo mama mdogo alikuwa amefika kutoka Kumsenga, kule Kibondo. Ni mdogo wake mama yangu mzazi, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni. Nilipokuwa darasa la kwanza lilikuwa kama pera, na nilipenda kuliegemezea shavu langu akinibeba. Sasa lilikuwa limeshuka mpaka kifuani kama papai changa, linamkaba. Alikuwa analala ameketi, mgongo ukutani. Ugali aliumeza kwa maji, tonge moja, funda moja. Kwa miaka mingi alikataa habari za kisu, na mwaka ule, baada ya kukosa pumzi shambani na kuanguka juu ya jembe, ndipo alipokubali kunifuata Kasulu. Daktari alimpima, akasema yupo mpasuaji anayekuja kutoka Mwanza kila mwezi, atamwingiza kwenye zamu yake. Tukampa kitanda.

Wageni walifika na magari mawili. Mkubwa wao alikuwa mwanaume mnene mwenye suruali nyeupe na manukato makali, ambaye vijana wake walimwita bosi. Alikuwa mchangamfu sana. Alimsalimia kila mgonjwa kwa kumshika mkono, kisha alitoa mfukoni kichupa cha dawa ya kuua vijidudu na kujipaka viganjani mbele ya macho ya yule aliyemsalimia. Alifanya hivyo kitanda hadi kitanda. Alipofika kwa mama mdogo alisimama, akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Huyu," alisema. "Huyu ni zawadi. Anatoka wapi?"

"Kumsenga, wilaya ya Kibondo," nilimjibu. "Ni mama yangu mdogo."

"Mbona nimemsikia anaongea Kirundi?"

"Anaongea Kiha."

"Mtu wa Bujumbura akimsikia atamwelewa?"

"Atamwelewa."

"Basi ni Mrundi," akasema, akacheka, na vijana wake wakacheka. Akalibonyeza rovu kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayeangalia parachichi limeiva au bado. Halafu akatoa kile kichupa.

Nilimfuata daktari ofisini. Nilimwambia mama huyu ni Mtanzania, si mwigizaji, na tena ni mgonjwa. Alinisikiliza kwa upole wake wote. "Sista, nani ataumia?" aliniuliza. "Mama yako atapata nafasi ya kwanza. Mpasuaji akishuka tu kwenye gari, anaanza naye. Bure." Akainuka, akaenda naye mwenyewe hadi wodini, akayarudia maneno hayo kwa Kiswahili cha polepole ili mama mdogo asikose neno.

Mama mdogo aliniuliza kwa Kiha kama ni kweli watamtoa lile zigo. Nilimwambia daktari ameahidi, ila yeye ana haki ya kukataa, na akikataa nitasimama naye. "Mwanangu," akasema, "nimelala nimekaa tangu hujaolewa. Wakitaka niwe Mrundi siku moja, nitakuwa."

Siku ya kupiga picha wagonjwa wote wa wodi ile waliondolewa. Waliwekwa nyuma ya jiko, chini ya turubai, na mvua ilikuwa inanyunya. Yule mama wa upasuaji alikaa kwenye benchi la mbao, mtoto ndani ya khanga, moshi wa maharage unampiga machoni. Wodini vikatandikwa vitanda kwa mashuka mapya ambayo sikuwahi kuyaona stoo. Yaliletwa maua ya plastiki. Ikaletwa pia mashine kubwa yenye kioo, ikasimamishwa kando ya kitanda, na nilipotaka kuichomeka nikagundua haikuwa na waya. "Usihangaike, dada," kijana mmoja akaniambia, "sisi ndio tutaiwasha." Akabandika nyuma ya kioo karatasi ya rangi ya kijani na kuiwekea tochi.

Walitaka mimi nimsukume mama mdogo kwenye kiti cha magurudumu. Nilikataa. Kazi hiyo akapewa msichana wa mapokezi, ambaye hajawahi kushika sindano, akavishwa sare yangu ya akiba. Mimi nikabaki kuwa mkalimani tu, maana sikutaka mama mdogo aachwe peke yake na watu wale.

Walimshusha kwenye gari jeupe langoni, kana kwamba amefika kutoka safari. Alipoona kamera alisema "mwidiwe", kama anavyomsalimia kila mtu maisha yake yote. Bosi akainua mkono. "Hapana, hiyo ya huku. Mwambie aseme 'amahoro', ya Warundi." Wakarudia. Akapanda gari, akashuka, akasema amahoro. Wakarudia tena kwa sababu mbuzi alipita. Safari ya mwisho alishuka akiwa anahema, jasho limemlowesha, na bosi akafurahi sana. "Hapo! Hapo anaonekana ametoka mbali."

Wodini walimkalisha chini ya taa kali. "Mama, inua kidevu. Zaidi. Zaidi. Lisogeze kwenye mwanga." Bosi hakuwa akimsemesha yeye. Alikuwa akisema na rovu. "Linaonekana vizuri hivyo? Likae kati." Mtu mwenye rovu la namna ile akiinua kidevu anajikaba mwenyewe. Nilisema hivyo, nikaambiwa ni dakika moja. Mama mdogo akaanza kukoroma, kisha akakohoa, na mate yakamtoka yakateremka juu ya ngozi ile iliyovutika. "Kata, kata! Mate!" bosi akapiga kelele, uso umemkunjamana, akamnyooshea kijana wake karatasi laini, naye kijana akamfuta mama yangu kwa ncha za vidole, mkono ameurefusha kama anafuta meza ya baa. Nilimnyang'anya ile karatasi. Nilimfuta mwenyewe, nikampa maji.

Baadaye wakamwingiza chumba cha upasuaji. Walimlaza, wakamfunika kitambaa cha kijani, wakawasha taa ya juu. Daktari akaingia na barakoa, mikono ameinua, akapewa kisu. Mimi nilikuwa mlangoni, nje ya picha. Niliona mama mdogo anafumba macho na midomo yake inacheza. Alikuwa anasali. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyemwambia, na mimi nilidhani anajua. Alidhani ndiyo siku yenyewe. Alilala kimya kabisa, akingoja kukatwa bila dawa ya usingizi, kwa sababu watu waliosoma walikuwa wamemzunguka na yeye alikuwa ameamua kuwaamini.

"Safi sana," bosi akasema. "Mama, tumemaliza. Shuka."

Alifumbua macho. Akapeleka mkono shingoni, akalishika, akalipapasa upande huu na upande ule. Nilimshusha mezani, nikamrudisha wodini.

Kulikuwa bado na picha ya mwisho, ya mgonjwa aliyepona. Wakamwita mpishi wetu, mwanamke wa umri wa mama mdogo na mwenye umbo kama lake, wakamvua aproni, wakamvisha kitenge cha mama mdogo, kilekile alichoshukia nacho garini. Walimpiga picha akiwa ametazama upande, shingo laini, anapunga mkono na kutabasamu akienda zake. Kile kitenge walikirudisha kinanuka vitunguu.

Jioni hiyohiyo mashine ilifungwa na kuondoka na gari. Mashuka yaliondoka. Maua yalibaki, yakawa yanashika vumbi. Mpasuaji wa Mwanza hakuja mwezi ule, wala mwezi uliofuata, na daktari alimruhusu mama mdogo arudi Kumsenga akasubiri kupigiwa simu. Kila nilipomkumbusha alinishika bega. "Tuko kwenye mchakato, sista."

Kiangazi kilipoingia niliiona filamu. Palikuwa na mfanyabiashara karibu na soko, Mwislamu mwenye asili ya Tanga, anauza redio na runinga, na runinga moja huiwasha siku nzima ikiwa imegeuzwa barabarani. Aliniita kwa furaha, "Dada, njoo uone hospitali yenu!" Nilisimama kati ya watu waliokuwa na magunia yao ya mahindi. Gari jeupe likafika. Mama mdogo akashuka, anahema, akasema amahoro. Sauti nzito ya mwanaume ikaeleza kwamba mama huyu alitoka Burundi akiwa amekata tamaa, akakimbilia Tanzania, na leo amerudi kwao mzima. Mpishi akapunga mkono. Nyuma yake wakaonesha bendera yetu inapepea, kisha maneno ya kuwakaribisha majirani wote waje watibiwe.

"Mashallah," mfanyabiashara akasema kwa moyo safi. Nilivuka barabara nikatema mate mtaroni, na bado mdomo ulikuwa mchungu.

Kilichonichefua zaidi kilikuja mara baada ya tangazo. Ilikuwa taarifa ya habari. Miezi ileile msako wa wahamiaji haramu ulikuwa umeanza mkoani kwetu na mikoa jirani, na kwenye kioo kilekile nikaona malori, magodoro, watoto wamekalia masufuria, watu wanarudishwa Burundi. Wengine walikuwa wameishi huku tangu ujana wao. Dakika moja karibuni, dakika inayofuata tokeni. Kesho yake nilimuuliza daktari hili analionaje. Alikuwa anakunywa chai. "Hao ni wengine, sista," alinijibu. "Sisi tunawataka wenye nauli ya kurudi."

Haikuchukua muda, binamu yangu akapiga simu kutoka Kumsenga. Alikuwa analia. Mgambo walikuwa wamemchukua mama mdogo na kumpeleka Kibondo mjini pamoja na watu wengine. Jirani yetu, mwanaume ambaye shamba lake la mihogo limepakana na letu na ambaye kwa miaka alikuwa anasogeza mpaka, alikuwa amewaambia kwamba mama huyu ni Mrundi, na kwamba yeye mwenyewe alimwona kwenye runinga akisalimia Kirundi. Karatasi za kuonesha uraia mama hakuwa nazo. Kitu pekee alichokuwa nacho ni Kiha chake, na hicho ndicho kilichowahakikishia.

Nilikwenda kwa daktari nikimwona kama msaada wa karibu. Nilimwomba ampigie simu mtu yeyote anayehusika Kibondo, aseme tu kwamba mama yule alikuwa anaigiza.

Alifunga mlango kwanza. "Unajua unachoniomba?" akasema. "Unataka niseme filamu ni ya uongo. Imeshaoneshwa Bujumbura. Nchi nzima itaaibika."

"Daktari, watamvusha mpaka. Hana mtu kule. Hajawahi kufika."

"Watagundua tu kuwa si Mrundi. Mambo haya hujirekebisha." Halafu akaongeza kwa ile sauti yake ya upole, "Na kule kuna hospitali pia."

Sijui kama alikusudia mzaha. Nilivua sare yangu palepale mbele yake, nikabaki na gauni la ndani ya sare, nikaiweka mezani juu ya kikombe chake cha chai. Sikurudi tena, hata mshahara wangu wa mwisho sikuufuata.

Basi la Kibondo lilinifikisha mchana, vumbi jekundu limenijaa mpaka kwenye meno. Watu walikuwa wamekusanywa kwenye uwanja uliozungushiwa kamba. Nilimwona mama mdogo kabla hajaniona. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye nguzo, kama anavyolala. Afisa aliyekuwa anahoji watu alikuwa mgeni kwetu, Kiswahili chake cha pwani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepelekwa mahali ambapo hawezi kutofautisha lugha mbili zinazofanana, akaambiwa atofautishe watu.

"Afande," nilimwambia, "huyu ni mama yangu. Amezaliwa Kumsenga, baba yake amezikwa Kumsenga. Ile filamu ni maigizo. Nilikuwepo."

"Kila mtu ana mama hapa leo," akajibu, bila ukali. "Huyu mwenyewe amesalimia Kirundi kwenye runinga, nchi nzima imemsikia. Nani alimlazimisha?"

Nikaanza kumweleza juu ya bosi, gari jeupe, mashine isiyo na waya. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, nikauona usoni mwake uchovu wa mtu aliyesikia hadithi nyingi tangu asubuhi.

Hapo mama mdogo akainuka. Alijiinua kwa kushika nguzo, akasogea mpaka mbele ya meza, akaondoa khanga shingoni. Alisema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwetu, "Afande, yule mama wa runinga ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alipona, hakupona?"

"Alipona. Alirudi kwao."

"Alipona," mama mdogo akasema. Akalishika rovu kwa mikono miwili, akalinyanyua kidogo kumwonesha. "Sasa hili ni la nani?"

Afisa alitazama. Mgambo waliosimama nyuma yake wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote, na yeye mwenyewe akaficha mdomo kwa kiganja. Akamwita mmoja wao aliyewahi kuona tangazo, akamuuliza kama yule wa mwisho alikuwa na kitu shingoni. Kijana akasema hapana, shingo ilikuwa safi kabisa. "Basi si huyu," afisa akaamua. "Mama, nenda nyumbani."

Ndivyo alivyotoka. Ukweli wangu niliousafirisha kutoka Kasulu haukumsaidia kitu. Aliyemtoa ni mpishi na kitenge kinachonuka vitunguu. Njiani mama mdogo alikuwa akicheka kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimemshika mkono nikijisikia mchafu mwili mzima, nikiwafikiria wale tuliowaacha ndani ya kamba ambao hawakuwa na rovu la kuonesha.

Mwaka uliofuata nilimpeleka Kabanga, kwenye hospitali ya misheni. Hakuna aliyemwahidi miujiza. Daktari alimkalisha, akamweleza kwa utaratibu kwamba lile zigo limekaribia mshipa wa sauti, kwamba anaweza kupona na sauti ikaharibika, na akamuuliza kama bado anataka. Muuguzi mmoja wa kwetu alimtafsiria kila neno. Alikaa akifikiri siku kadhaa, halafu akasema anataka. Alipozinduka aliomba maji. Usiku wake wa kwanza nyumbani alilala chali, na asubuhi aliniambia aliogopa, alidhani amekufa, maana alikuwa amesahau dari inaonekanaje kutoka kitandani.

Sauti yake kweli iliharibika. Ilipotea kabisa kwa majuma, ikarudi nzito yenye mikwaruzo, na kuimba kwaya ya kanisani hakuweza tena. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi kwenye zahanati ya Kibondo, hivyo nilikuwa nashinda naye kila mwisho wa juma.

Siku moja mwanzoni mwa 2015 nilikuwepo jirani yule alipokuja. Alibeba mkungu wa ndizi mkubwa, akautua ndani karibu na mlango. Alisalimia kwa heshima nyingi. Akasema amekuja kumpa pole ya ugonjwa, na kwamba yale mambo ya mwaka ule walidanganywa wote, hata yeye alidanganywa na runinga. Mama mdogo alimsikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Kovu lake lilikuwa limenyooka vizuri, mstari mwembamba. Jirani akangoja, akakohoa, akasema basi yeye anarudi shambani, akaenda.

Alipopotea kwenye migomba, mama mdogo aliinuka. Aliusukuma ule mkungu kwa mguu, kidogo kidogo, mpaka ukatoka nje ya kizingiti. Kisha akaniambia, kwa ile sauti yake mpya, ndizi zile niwape mbuzi wale.